Uliandika Kombe, Hukuandika Bomba

Ukipanda daladala kuja mjini Unguja, konda hana haja ya kukuuliza unakwenda wapi. Atakuuliza tu kama unashuka Darajani. Jina hilo tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Darajani ni soko, ni viatu vya mtumba vilivyopangwa chini, ni ubishi wa bei, ni harufu ya samaki ikichanganyika na ya mafenesi. Sasa, daraja lenyewe liko wapi? Na upande wa pili wa barabara kuna mitaa ambayo tangu enzi za mababu inaitwa Ng'ambo. Ng'ambo ya nini?

Jibu ni kwamba hapo ilipo barabara, zamani palikuwa na maji. Palikuwa na hori, mkono wa bahari ulioingia kutoka upande wa Funguni ukapita nyuma ya Mji Mkongwe, kiasi kwamba bahari ikijaa mji unakuwa karibu kisiwa ndani ya kisiwa. Watu walivuka kwa daraja. Waingereza walipotawala hori likafukiwa kidogo kidogo, kazi iliyochukua miongo kadhaa, na barabara iliyopita hapo ikaitwa Creek Road, yaani Barabara ya Hori. Leo inaitwa Barabara ya Benjamin Mkapa. Maji yamekwenda, jina la maji nalo limekwenda, limebaki daraja ambalo halipo.

Nalizungumzia hori hilo lililofukiwa kwa sababu nina deni na hori jingine ambalo bado lina maji.

Miaka kama kumi iliyopita, nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuo na nina hamu ya kuona jina langu gazetini, mtafiti mmoja alinidokeza kwamba maji ya hori fulani si mbali na mji yalikuwa na vijidudu vya kinyesi kupita kiasi, na kombe na chaza wanaookotwa pale walikuwa navyo pia. Nikaenda. Ilikuwa siku za bamvua, maji yametoka mbali. Kina mama wameinama matopeni, kanga zimefungwa viunoni, kila mmoja na kipande chake cha chuma na kikapu. Kombe wanajificha kwenye tope, unawatafuta kwa vidole na kwa unyayo. Chaza wanashika mizizi ya mikoko, hao unawabandua. Jioni wanachemshwa mpaka wafunguke, nyama inatolewa, nyingine inapikwa kwa nazi nyumbani, nyingine inapelekwa sokoni kwenye vibakuli. Fedha yake ndiyo daftari, ndiyo chumvi, ndiyo nauli ya hospitali.

Niliandika habari fupi. Mhariri akaiwekea kichwa chenye neno "sumu". Jina la kijiji likawemo. Picha ilikuwa nzuri sana, hata mimi niliisifu: kina mama wameinama, jua linazama, mikoko nyuma yao.

Wiki tatu baadaye nilirudi kufuatilia. Sokoni hakuna aliyekuwa akigusa kombe wa kijiji kile. Wanunuzi wanauliza kwanza wametoka wapi, wakiambiwa, wanaondoka. Bibi mmoja, ambaye pale wote wanamwita Bi Mkubwa nami nitamwita hivyo hivyo, alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Nilimpa shikamoo, akaitika, akanikaribisha kwenye mkeka, akaniletea maji ya kunywa. Kisha akasema, taratibu kabisa:

"Mwanangu, uliandika kombe. Mbona bomba hukuliandika?"

Bomba nililiona. Lilitokea chini ya barabara, upande wa nyumba za ghorofa, likamwaga maji ya rangi ya kijivu moja kwa moja kwenye mikoko. Si kwamba lilinipita. Ile picha niliyoisifu niliipiga nikiwa nimesimama juu yake, kwa sababu ndipo palipokuwa pakavu.

*

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma, kila nikipata nafasi, historia ya maji machafu na watu wanaokula kutoka ndani yake. Nilidhani nitasoma habari za sayansi. Kiukweli nimesoma zaidi habari za nani analipa.

Tuanzie hapa hapa Unguja. Mwaka 1866 David Livingstone alipita Zanzibar akijiandaa kwa safari yake ya mwisho. Katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa baada ya kifo chake, alilalamikia uvundo wa ufuo ambao mji mzima uliutumia kama jaa, akaligeuza jina la kisiwa kwa Kiingereza liwe na maana ya kunuka. Utani huo umenukuliwa na kila mwandishi wa vitabu vya safari tangu hapo, nami sitaurudia. Ninachotaka kukumbusha ni kitu kingine. Miaka minane tu kabla yake, kiangazi cha 1858, mto Thames ulinuka vibaya kiasi kwamba mapazia ya Bunge la Uingereza yalilowekwa kwenye dawa ya chokaa ili waheshimiwa waweze kupumua. London ilikuwa imegeuza mto wake choo. Tofauti ni kwamba wabunge walipoguswa puani, fedha ilipatikana haraka. Mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mfumo mkubwa wa mifereji ya chini ya ardhi ambao mpaka leo unasifiwa, na unastahili.

Lakini mifereji ile haikuyasafisha maji. Iliyahamisha. Ilikusanya uchafu wa mji na kuumwaga mashariki, chini ya mto, Beckton na Crossness, mahali ambapo pua za wabunge hazifiki. Mwaka 1878 meli ya abiria iliyoitwa Princess Alice iligongwa na kuzama karibu na hapo, muda si mrefu baada ya maji taka kufunguliwa. Zaidi ya watu 600 walikufa, na walionusurika walisimulia ladha na harufu ya maji waliyoyameza.

Unguja nako, watu walikuwa wakifa kwa maji. Mwaka 1869 kipindupindu kiliingia kisiwani, na hakikuwa mgeni: kilishakuja 1821, kikaja tena miaka ya 1830 na mwishoni mwa miaka ya 1850. Safari hii alikuwepo daktari wa Kiskoti, James Christie, aliyekuwa akifanya kazi mjini. Alifanya kazi ambayo mwandishi wa habari yeyote angeionea wivu. Aliuliza watu. Aliwahoji wafanyabiashara wa misafara na manahodha, akaunganisha habari zao, akaonyesha kwamba ugonjwa ule haukuja na jahazi kutoka India kama wengi walivyodhani, bali ulishuka kutoka kaskazini kupitia nchi ya Wamaasai, ukafika Pangani, ndipo ukavuka. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876. Ni moja ya vitabu vya mwanzo kabisa vinavyofuatilia nyayo za ugonjwa katika Afrika Mashariki, na kinasomeka kama hadithi ya upelelezi.

Christie hakuwa na jina la mdudu. Mtaliano Filippo Pacini alishamwona kwa hadubini mwaka 1854, lakini hakuna aliyemsikiliza. Dunia ilingoja mpaka Robert Koch amtambue tena, Misri na India, miaka ya 1883 na 1884. Hata hivyo, watu wa Unguja hawakuhitaji hadubini kujua kwamba visima vilivyochimbwa katikati ya vyoo na makaburi si salama. Sultani Barghash aliyeingia madarakani mwaka 1870, mwaka mmoja tu baada ya kipindupindu kufika, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji kutoka upande wa kaskazini. Katika mambo yote aliyoyajenga, majumba na saa na taa, nadhani hilo ndilo lililookoa watu wengi zaidi, na ndilo tunalolikumbuka kidogo zaidi. Watalii wanapiga picha za Beit el Ajaib. Hakuna anayepiga picha bomba.

Ila hata Barghash alileta maji safi tu. Maji machafu yaliendelea kwenda kule kule yalikokuwa yakienda siku zote: pwani na horini.

*

Sasa tuje kwa chaza.

Chaza na kombe hawawindi chakula, wananyonya maji na kuyachuja. Chaza mkubwa, maji yakiwa ya vuguvugu na hali ikimruhusu, anaweza kupitisha zaidi ya lita 100 kwa siku. Chakula chake ni vijimea vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kila kinachoelea kwenye maji anakikusanya pamoja nacho. Kwa hiyo maji yakiwa na bakteria kidogo, ndani ya chaza watakuwa wengi. Ukimla mzima na utumbo wake, kama tunavyomla, umekula kilichochujwa kwenye madebe na madebe ya maji ya hori. Hana kosa lolote. Anafanya kazi ya kusafisha bahari, na takataka ya kazi hiyo anabaki nayo tumboni.

Jambo hili lilithibitishwa kwa namna ya kusikitisha Marekani mwaka 1894. Wanafunzi wa chuo cha Wesleyan, jimbo la Connecticut, walifanya karamu za kuwapokea wenzao wapya, wakala chaza wabichi. Wiki chache baadaye kadhaa wakaugua homa ya matumbo na baadhi wakafa. Profesa wa hapo hapo chuoni, Herbert William Conn, aliwafuatilia chaza wale mpaka walikotoka. Walivunwa baharini, mbali, kwenye maji mazuri. Lakini muuzaji, kama ilivyokuwa desturi ya biashara, aliwaweka siku moja mbili kwenye mdomo wa mto ili wanywe maji yasiyo na chumvi, wavimbe, waonekane wanono. Karibu na hapo palikuwa na nyumba yenye wagonjwa wa homa ya matumbo, na mfereji wa nyumba hiyo ulimwaga mtoni. Siku moja mbili tu zilitosha.

Lakini kisa kilichonikosesha usingizi ni cha Uingereza, cha mji mdogo wa pwani unaoitwa Emsworth.

Emsworth iliishi kwa chaza. Kulikuwa na wajenzi wa mashua, wavuvi, wasukaji wa vikapu, wapakiaji. Mfanyabiashara mkubwa kuliko wote alikuwa J. D. Foster, aliyejenga chombo kikubwa cha uvuvi wa chaza kilichoitwa Echo, na aliyekuwa na mabwawa ufuoni ya kuwahifadhia chaza kabla ya kuuzwa. Novemba 1902, siku moja, miji ya Winchester na Southampton ilifanya karamu za mameya wake. Chaza walitoka Emsworth. Wageni wengi wakaugua, baadhi wakapata homa ya matumbo, na Desemba alifariki Dean Stephens, mkuu wa kanisa kuu la Winchester. Alipokufa mtu wa heshima ile, magazeti hayakunyamaza.

Uchunguzi ulifanyika. Ikaonekana kwamba mifereji ya maji taka ya mji, chini ya halmashauri ya wilaya ya Warblington, ilikuwa ikimwaga karibu kabisa na mabwawa ya chaza. Unadhani ni nini kilichofungwa kwanza? Mifereji? Hapana. Kilichofungwa ni biashara ya chaza. Jina Emsworth, lililokuwa sifa sokoni, likageuka kuwa onyo. Mji uliokuwa na kazi ukabaki na mashua zilizofungwa kamba.

Nilipofika hapo kwenye kusoma niliweka kitabu chini. Nilijua kichwa cha habari kingekuwaje. Ningeweza kukiandika mwenyewe.

Foster hakukubali. Aliishtaki halmashauri, na mwaka 1906 Mahakama ya Rufani ikampa haki. Kesi hiyo wanasheria wanaisoma mpaka leo, na sababu yake inanigusa kuliko matokeo. Halmashauri ilijitetea pamoja na mambo mengine kwamba Foster hakuwa na hati ya kueleweka ya kumiliki ule ufuo. Mahakama ikaona kwamba hati si lazima: mtu huyu ameyashika mabwawa yale miaka mingi, yeye peke yake, na kila mtu anajua ni yake, hiyo inatosha kumpa haki ya kumshtaki anayemwagia uchafu.

Yeye peke yake. Hapo ndipo mlango unapofungwa kwa Bi Mkubwa. Ufuo anaookota kombe ni wa wote. Mama yake aliokota hapo, na bibi yake, na jirani zake wote pamoja nao. Hakujenga bwawa, hakuweka uzio, hakumfukuza mtu. Kwa hesabu zetu za kibinadamu hiyo ni haki kubwa kuliko ya Foster, vizazi kwa vizazi. Kwa hesabu za kesi ile, kitu kinachoshikwa na wote hakina anayekishika. Foster alikuwa na mabwawa, mawakili na kitabu cha hesabu kinachoonyesha hasara. Bi Mkubwa ana kikapu.

Na hata Foster, kushinda hakukumrudishia soko. Biashara ya Emsworth haikusimama tena kama zamani.

*

Ni haki kusema kwamba nchi zile zilijifunza, ingawa kwa kupigwa. Mwaka 1885 daktari Theodor Escherich alieleza bakteria aliyemkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga, ambaye leo anabeba jina lake: Escherichia coli, kwa kifupi E. coli. Wengi wa jamii hiyo hawana madhara, wanaishi matumboni mwetu sote. Umuhimu wao ni kama ule msemo wa wazee, dalili ya mvua ni mawingu. Kumtafuta mdudu wa homa ya matumbo au kipindupindu ndani ya bahari ni kazi ngumu, lakini E. coli ni rahisi kumhesabu: unachukua maji, unayatia kwenye chakula cha bakteria, unayaweka kwenye joto la nyuzi 44 na kitu, na kesho yake unasoma. Ukimkuta, unajua kinyesi kimefika. Na penye kinyesi cha mji mzima, hakosekani mgonjwa.

Marekani ilipigwa tena majira ya baridi ya 1924 kuingia 1925: watu kama 1,500 waliugua homa ya matumbo kutokana na chaza, na kama 150 wakafa, Chicago, New York na Washington. Wauza chaza wenyewe ndio waliokwenda kuiomba serikali iweke masharti, maana walishaona kwamba bila masharti hakuna atakayenunua. Ndipo ulipozaliwa, mwaka 1925, mpango wa kitaifa wa usalama wa chaza. Sharti lake kubwa si kumpima chaza pekee. Ni kuyapima maji anakoishi, na kutembea ufuoni kutafuta kila bomba, kila mfereji, kila choo. Kwa kipimo kinachotumika huko, maji yanayoruhusiwa kuvunwa chaza yasizidi, kwa wastani, bakteria 14 wa kinyesi katika mililita 100. Ulaya wanapima nyama yenyewe: E. coli 230 katika gramu 100, zaidi ya hapo chaza lazima wasafishwe kwanza kwenye maji safi ndipo wauzwe.

Usafishaji huo una kikomo chake. Chaza akikaa siku mbili kwenye maji safi anawatoa bakteria wengi, lakini virusi vinang'ang'ania. Ushahidi mkubwa kuliko wote ni wa Shanghai, mwanzoni mwa 1988. Watu karibu 300,000 waliugua homa ya ini aina ya A katika muda wa miezi michache, baada ya kula kombe waliotoka kwenye maji yaliyochafuliwa na maji taka. Kombe hao ni wa jamii moja kabisa na hawa wetu, jamii ya Anadara. Na hawakuliwa wabichi. Waliliwa kama desturi ya pale inavyotaka: wanamwagiwa maji ya moto, wanafunguka kidogo, wanaliwa na mchuzi. Kufunguka si kuiva. Hilo ni jambo la kulisema kwa sauti katika kila jiko la pwani.

Kwetu, kipindupindu cha wimbi hili la sasa kilifika Zanzibar mwaka 1978, kikaanzia kijiji cha wavuvi, na kimekuwa kikirudi. Mwaka 2009 watu wa baadhi ya shehia za Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa. Chanjo ni jambo jema. Lakini bakteria wa kipindupindu ana tabia moja inayomtofautisha na wenzake: anaweza kuishi baharini mwenyewe, kwenye maji ya hori yenye chumvi kidogo, akiwa ameshikana na wanyama wadogo wanaoelea. Hachoki kusubiri. Masika yakija, makaro yakafurika, mitaro ikabeba kila kitu kuelekea chini, anakuta nyumba imeshatandikwa.

Na mvua inashuka vile vile Mombasa na Dar es Salaam. Mto Msimbazi unapita Vingunguti na Jangwani kabla haujafika baharini karibu na Daraja la Salander. Hori la Tudor limezungukwa na Mombasa, na mikoko ya Mikindani imekuwa ikipokea maji taka ya makazi miaka mingi. Hori la Makupa lilikuwa na jaa la Kibarani ukingoni mwake, na tuta la barabara likazuia maji yake yasipishane na ya Tudor mpaka daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2022. Kila mahali hapo kuna mtu aliyeinama matopeni wakati wa bamvua. Mikoko inasaidia, inashika tope, inapunguza makali. Lakini mkoko si mtambo, na hakuna aliyeupa mshahara.

*

Wapo watakaosema kwamba nilifanya sawa. Kombe walikuwa na vijidudu, na watu wana haki ya kujua wanachokula. Nakubali, na kama ningenyamaza halafu mtoto wa mtu akafa, leo ningekuwa naandika makala mbaya zaidi. Sijutii kwamba niliandika. Najutia mahali niliposimama.

Maana samaki mmoja akioza, wote wameoza, ndivyo tunavyoambiana. Kwenye hori mambo yamegeuzwa: bahari ndiyo inayoozeshwa, halafu anayepata jina la kuoza ni samaki, na baada ya samaki, anayemwuza. Mwenye bomba hatajwi, hana uso. Ukienda kumtafuta unaambiwa ni mkandarasi, mkandarasi anasema ni wenye nyumba, wenye nyumba wanasema wanalipa ada kila mwezi. Nilizunguka ofisi hizo zote mwaka ule, nikapewa chai kila mahali.

Mwezi uliopita nilirudi kijijini. Jina lake sijalitaja humu na sitalitaja tena. Bomba bado lipo, ila limerefushwa. Sasa linapita mikoko na kwenda mbele zaidi, kiasi cha hatua sitini hivi, nilizihesabu kwa miguu. Maji yakitoka unaliona mdomo wake. Yakijaa, hulioni. Bazalgette angelitambua.

Safari hii nilianza kupiga picha nikiwa kwenye tope, na nimepiga bomba.

Kina mama wamerudi kazini. Wanawapeleka kombe kwenye soko jingine, mbali zaidi, ambako hakuna anayeuliza. Wengine wawili wamehamia kwenye mwani. Bi Mkubwa haingii tena majini, magoti yamekataa, lakini mjukuu wake anakwenda na yeye ndiye anayepika. Alinisomesha kwa kirefu kuhusu mwandishi mmoja wa televisheni aliyekuja baada yangu na viatu vyeupe. Kisha akaniwekea sahani ya wali na kibakuli cha kombe wa nazi, akakaa akinitazama.

Nilinawa mikono. Nikachukua tonge, nikasita. Aliona.

"Bibi," nikasema, "samahani, hawa umewachemsha muda gani?"

Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Tangu siku ile ulivyoandika," akasema. "Kula."